Gadenia ni ndugu wa mbuni: kuitunza nje na ndani, hasa kwetu kwenye ardhi ya chokaa

Mche wangu wa kwanza wa gadenia niliununua Lushoto, nikashuka nao Tanga nimeupakata kwenye basi. Majani yake yaling'aa kama yaliyopakwa mafuta, na juu kulikuwa na matumba sita, kila moja limejisokota kama kitambaa kilichokamuliwa. Wiki ya pili matumba yote sita yalikuwa chini. Mwezi wa tatu majani machanga yakaanza kutoka ya njano, mishipa tu ndiyo iliyobaki ya kijani. Nikafanya kile tunachokifanya nyumbani kwetu mmea ukidhoofu: nikazoa majivu ya jikoni nikaumwagia shinani. Haukufika mwezi wa tano.

Leo ninazo nne, mbili uani, moja barazani na moja sebuleni, zote watoto wa mche mmoja. Kila nikimwona mtu wa pwani amebeba gadenia kutoka kitaluni najua yatakayompata, na najua yanazuilika. Ndiyo maana nayaandika haya.

Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: gadenia ni ndugu wa mbuni, mti wa kahawa. Wako ukoo mmoja wa mimea. Ukiviweka viwili hivyo pamoja utaona undugu wenyewe: majani yanayong'aa yanakaa mawili mawili yakitazamana, maua ni meupe, na harufu inakufikia kabla hujaliona ua. Asili ya gadenia hii ya bustani, Gardenia jasminoides, ni kusini mwa China, Taiwan, Vietnam na Japani. Jina lilitokana na Alexander Garden, daktari wa Kiskoti aliyeishi Charleston, Marekani, karne ya 18. Kule Mashariki ya Mbali tunda lake ni rangi ya chakula, Wajapani hutia figili zao za kachumbari rangi ya manjano kwa tunda hilo, na kinachotoa rangi hiyo ndicho kile kile kilichomo kwenye zafarani.

Sasa mfikirie mkulima wa kahawa wa Usambara au Kilimanjaro. Udongo wake ni mchachu, mweusi kwa mboji, unapitisha maji. Mibuni yake iko chini ya migomba. Usiku kuna ubaridi. Maji ni ya mvua. Gadenia inataka hayo hayo. Halafu itazame Tanga yetu. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya mawe ya chokaa, na kiwanda cha saruji kipo Pongwe kwa sababu chokaa ipo. Lamu, Mombasa, Unguja, Kilwa, sehemu nyingi ukichimba kidogo unagonga jiwe la matumbawe, ambalo nalo ni chokaa. Chokaa huua uchachu wa udongo. Asumini haijali, inapanda ukutani na kuchanua. Gadenia inajali sana.

Hakikisha kwanza ni gadenia

Vitaluni kuna mmea mwingine wa maua meupe unaouzwa kwa jina hili. Nao ni mzuri, lakini matunzo yake ni tofauti na harufu yake haifiki hata nusu. Njia ya kuutambua ni rahisi: kwanyua jani moja pale linaposhikana na tawi. Ukitoka utomvu mweupe kama maziwa, hiyo si gadenia. Gadenia haina maziwa. Tazama na tumba: la gadenia limejisokota, kijani na nyeupe zikifuatana kwa mzunguko, na petali zake zikifunguka ni nene, ukizigusa ni kama nta.

Ukishahakikisha, chagua mche wenye machipukizi mengi mapya kuliko wenye maua mengi. Geuza jani uangalie chini yake kama kuna wadudu. Na kama unaununua mlimani ukaupeleke pwani, ujue kwamba matumba yaliyopo yataanguka. Usilie nayo. Mmea umehama hali ya hewa, unajitua mzigo.

Hatua ya kwanza: pima udongo na maji kwa vitu vya jikoni

Gadenia inataka udongo wenye pH, yaani kipimo cha uchachu, kati ya 5 na 6.5. Saba ni katikati, chini ya hapo ni uchachu, juu ya hapo ni upande wa chokaa na magadi. Udongo wa matumbawe hufika 8. Kwenye udongo wa namna hiyo chuma, ambacho jani hulihitaji liwe la kijani, kipo, lakini kimefungwa, mizizi ya gadenia haiwezi kukichukua. Ni sawa na kuwa na chakula ndani ya kabati lililopotea ufunguo.

Huna haja ya mashine. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, uweke kwenye kisosi, umwagie siki nyeupe. Sogeza sikio. Ukisikia mchirizo na kuona vipovu, una chokaa ndani. Fanya hivyo hivyo na mchanga utakaotumia. Mchanga wa ufukweni utachemka kama soda, maana umejaa vipande vya kombe na matumbawe, na juu ya hayo una chumvi. Tumia mchanga wa mto.

Maji je? Funua birika lako. Ukikuta ukoko mweupe umeganda ndani, maji yako yana chokaa, na kila unapomwagilia unaongeza chokaa hiyo kwenye chungu. Visima vingi vya pwani viko hivi, na vingine vina chumvi pia. Mche wangu wa pili ulikufa kwa maji ya kisima. Udongo niliubeba kutoka mlimani kwenye magunia, mzuri kabisa, lakini baada ya miezi minane ya maji yale ukawa udongo wa Tanga.

Hatua ya pili: chungu na mchanganyiko

Pwani, nakushauri uipande kwenye chungu hata kama inakaa nje. Unaweza kuchimba shimo, ukatoa udongo wote, ukajaza mwingine mzuri, lakini chokaa ya pembeni na ya chini itarudi na maji. Chungu unakitawala.

Usitumie chungu cha saruji. Najua ndivyo vinavyouzwa kandokando ya barabara na vinapendeza, ila saruji imetokana na chokaa, na kila unapomwagilia inatoa kidogo. Kama unacho tayari, weka chungu cha plastiki ndani yake. Chungu cha udongo wa kuchoma kinafaa ingawa hukauka haraka. Ndoo ya rangi ya lita 20 iliyooshwa vizuri nayo inafaa, itoboe matundu manane au kumi chini kwa msumari uliopashwa moto. Kwa mche mdogo anza na chungu kidogo, halafu kila unapohamisha ongeza sentimita 5 tu za upana. Chungu kikiwa kikubwa kupita mizizi, udongo hukaa na maji na mizizi huoza.

Mchanganyiko ninaoutumia ni huu:

- sehemu mbili za mboji ya majani iliyooza hadi ikawa nyeusi na kunukia kama msitu baada ya mvua
- sehemu moja ya udongo mwekundu wa mlimani, au udongo wowote usiotoa povu kwa siki
- sehemu moja ya mchanga wa mto
- sehemu moja ya maganda ya mti wa paina yaliyosagika na kuoza

Maganda ya paina yanapatikana kwa wapasua mbao, Lushoto yamejaa. Ukiyakosa tumia unga wa makumbi ya nazi. Hapa angalia sana: makumbi mengi ya pwani, hasa ya Unguja, yamefukiwa baharini miezi kadhaa ili yatoe nyuzi za kamba, kwa hiyo yana chumvi. Yaloweke kwenye maji matamu siku moja, yamwage, rudia mara tatu au nne. Onja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi, yasiwe na chumvi hata kidogo.

Kama udongo ulionao una chokaa kidogo na huna mwingine, tafuta salfa ya unga, ile wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanayopulizia dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe. Changanya kijiko kimoja cha chai kwa kila lita 10 za udongo, lowesha, uache miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda. Vijidudu vya udongoni huigeuza salfa kuwa tindikali polepole. Kwa udongo unaochemka kabisa ukitiwa siki, usipoteze salfa yako, chokaa yake haiishi.

Unapopanda, shina likae kwenye kina kile kile lilichokuwa kitaluni, au juu kidogo. Ukilifukia zaidi linaoza. Tandaza majani makavu au maganda ya paina unene wa sentimita 5 juu ya udongo, ukiyaacha mbali na shina kwa upana wa vidole vitatu. Usipalilie kwa jembe. Mizizi ya gadenia iko juu juu, magugu yang'oe kwa mkono.

Wenzangu wa Lushoto, Bukoba, Moshi, Limuru au Kericho, nyinyi pandeni ardhini bila wasiwasi. Penye chai na kahawa gadenia iko kwao. Shimo la upana wa sentimita 60, mche na mche mita moja hadi moja na nusu, na muepuke tu ukuta uliopigwa lipu karibuni.

Hatua ya tatu: mahali pa kukaa nje

Jua la asubuhi hadi saa nne au saa tano, kisha kivuli. Upande wa mashariki wa nyumba ndio wake. Kivuli chepesi cha mti kinafaa pia. Ikikaa gizani itakuwa na majani mengi bila ua. Ikikaa kwenye jua la saa nane la Februari majani yatapauka na kuungua pembezoni.

Kama uko karibu na bahari, ikinge na upepo. Kaskazi na kusi zote hubeba chumvi, na gadenia haivumilii chumvi kwenye majani. Zangu mbili za uani ziko nyuma ya ukuta, na ukipita upepo mkali naziosha majani kwa maji matamu jioni.

Hatua ya nne: maji

Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha kwanza. Ukisikia unyevu, ondoka. Ukisikia ukavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyojaa kwenye sahani ya chungu. Ratiba ya siku haina maana, kwa sababu Januari inaweza kutaka maji kila siku na Aprili usiipe hata tone wiki nzima.

Maji bora ni ya mvua, yanayokingwa kwenye bati. Mimi nina pipa la lita 200 la gadenia peke yake, na masika nalijaza mara mbili tatu kwenye ndoo na madumu. Yakiisha, natumia maji yanayodondoka kwenye kibomba cha kiyoyozi. Hayo ni mvuke wa hewa uliogeuka maji, hayana chokaa wala chumvi. Ofisi nyingi zinayaacha yamwagike ukutani, omba ukinge kwa dumu. Maji ya bomba ya mji, kama birika lako halina ukoko, yanafaa ukiyaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha klorini ipungue.

Kuna wanaoshauri siki kwenye maji. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 mara moja kwa mwezi hakidhuru, lakini nguvu yake hupita haraka. Haiwezi kuokoa mmea uliopandwa kwenye chokaa.

Hatua ya tano: chakula, na vitu vya kuweka mbali

Kwenye duka la pembejeo omba SA, salfeti ya ammonia. Ni mbolea ya bei nafuu na inaongeza uchachu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwenye maji lita 10, mara moja kila wiki mbili wakati mmea unachipua. Lowesha udongo kwa maji matupu kwanza, ndipo mbolea ifuate, mizizi isiungue. Mara moja kwa miezi miwili badilisha upe kidogo NPK, mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu, maana SA ina naitrojeni na salfa tu. Mmea uliopumzika au unaoumwa usiulishe. Muuzaji akikupa mbolea ya CAN badala yake, kataa. Imechanganywa na chokaa.

Na sasa majivu. Nayarudia kwa sababu ndiyo yanayoua gadenia nyingi mikononi mwa watu wenye mapenzi. Majivu ni mazuri kwa mgomba na kwa mboga kwenye udongo mchachu mno. Kwa gadenia ni sumu ya polepole, kwa sababu yanafanya kazi ile ile ya chokaa. Vivyo hivyo maganda ya mayai, na mbolea ya kuku wa mayai, ambao chakula chao kina chokaa nyingi. Mfuko wa mboji ukinunuliwa kitaluni nao upime kwa siki. Mimi niliwahi kuuziwa udongo mweusi nikiambiwa wa msitu, mweusi wenyewe ulikuwa wa majivu.

Mashapo ya kahawa watu huyasifia sana. Uchachu wa kahawa umekwenda na kinywaji, mashapo yaliyobaki yanakaribia katikati kabisa. Yatie kwenye shimo la mboji yaoze. Ukiyamwaga mabichi juu ya chungu yanaganda kama ukoko na maji hayapiti.

Ndani ya nyumba

Sebuleni gadenia ina shida mbili, mwanga na hewa kavu. Iweke dirishani pa mashariki, mita moja haizidi kutoka kwenye kioo. Kama huwezi kusoma gazeti pale ilipo bila taa mchana, pameshindikana. Isipigwe na upepo wa kiyoyozi wala feni. Chukua sahani pana, panga kokoto, weka maji yasifike juu ya kokoto, kisha kalisha chungu juu yake. Mvuke unaopanda unalainisha kidogo hewa ya majani. Kokoto ziwe za mto, nazo zijaribu kwa siki.

Ndugu walioko Ulaya na Marekani, kwenu tatizo ni la majira ya baridi, hita zikiwashwa hewa inakauka kama ya jangwani. Iweke mbali na hita, dirisha la kusini lenye jua jingi, na sahani ya kokoto iwe kubwa. Dada yangu aliye Uingereza huitoa nje Juni, akairudisha ndani Septemba kabla usiku haujashuka chini ya nyuzi 10. Anaisogeza kwa hatua, siku chache kwenye kivuli cha mlangoni kwanza.

Wenye paka na mbwa ndani waangalie, wakitafuna majani au maua hutapika.

Majani ya njano: soma yalipoanzia

Hapa ndipo wengi hutibu ugonjwa usiokuwepo, kwa hiyo tulia utazame.

Kama ni majani machanga ya juu, rangi ya njano inayokaribia weupe, na mishipa imebaki ya kijani kama ramani ya mito, ni upungufu wa chuma. Sababu ni chokaa kwenye udongo au maji, na wakati mwingine ni mizizi iliyojaa maji ikashindwa kufanya kazi. Rekebisha hivyo kwanza. Wakati unasubiri, nunua mbolea ya chuma, na usome herufi kwenye pakiti. Ile ya EDTA hushindwa udongo ukipita pH 6.5 hivi. Ile ya EDDHA hushika hata kwenye chokaa, na utaijua kwa rangi, ukiitia kwenye maji yanakuwa mekundu kama juisi ya choya. Fuata kipimo cha pakiti. Majani yaliyokwisha kuwa njano huenda yasirudi yote, angalia machipukizi yanayofuata.

Kama ni majani ya zamani ya chini, njano katikati ya mishipa na kijani kimebaki karibu na kikonyo, ni upungufu wa magnesiamu. Chumvi ya haluli, kijiko kimoja cha chai kwa lita 4 za maji, mara moja, rudia baada ya mwezi. Wengi huipa gadenia haluli kwa kila unjano. Kwa upungufu wa chuma haifanyi chochote.

Jani zima la chini likiwa njano sawasawa, na mmea mzima umepauka, ni njaa ya naitrojeni, mpe SA. Majani mawili matatu ya chini yakiwa njano na kuanguka huku juu kunachipua vizuri, acha. Ni uzee wa jani.

Njano pamoja na kunyauka wakati udongo umelowa: mizizi inaoza. Utoe kwenye chungu leo hii. Mizizi mizima ni ya rangi ya krimu na migumu, iliyooza ni ya kahawia, inachubuka ngozi ukiivuta. Kata iliyooza, badilisha udongo wote, punguza na majani theluthi moja.

Ukikuta mizizini vifundo vingi kama shanga, hiyo ni minyoo ya mizizi, ile inayosumbua nyanya na bamia. Huo mche choma, udongo wake usiutumie. Ndiyo sababu ya kutotia kwenye chungu udongo wa tuta lililokuwa na nyanya. Ukilazimika kuutumia, ulowanishe, uutandaze juani, ufunike kwa karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga wiki nne hadi sita za kiangazi.

Matumba kuanguka

Gadenia hutunga matumba vizuri usiku ukiwa na nyuzi kati ya 15 na 18. Pwani hatufiki huko, lakini kipupwe, Juni hadi Agosti, ndicho kinachokaribia. Zangu huanza kutunga Julai na kuchanua kuanzia mwisho wa Agosti. Januari na Februari hata likitunga tumba mara nyingi hudondoka, na hakuna dawa ya dukani itakayolishikilia. Lushoto, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, wao huzungukwa na harufu hiyo sehemu kubwa ya mwaka.

Ukishaona matumba, usiuhamishe mmea, usiugeuze upande, usibadilishe udongo, usiache chungu kikauke hata siku moja. Matumba yangu mengi niliyopoteza niliyapoteza kwa kuhamisha chungu ili wageni wakione.

Wadudu

Fuata sisimizi. Wakipanda na kushuka shinani, kuna mdudu juu anayetoa utamu. Vidung'ata wanakaa kwenye makwapa ya majani kama vipande vya pamba. Wadudu gamba wanaganda kwenye mishipa kama madoa ya kahawia, ukiwakwangua kwa ukucha wanatoka. Inzi weupe wanaruka ukitikisa tawi. Wote huacha utelezi unaoota ukungu mweusi kama masizi.

Wachache wafute kwa pamba yenye spiriti. Wakiwa wengi, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni, hasa chini ya majani, rudia kila siku tano mara tatu. Mafuta ya mwarobaini ukiyaongeza kijiko kimoja cha chai yanasaidia zaidi. Usinyunyize saa za jua, wala kwenye maua. Ukungu mweusi hufutika kwa kitambaa chenye maji wadudu wakishakwisha.

Kupogoa na kupata miche mipya

Pogoa maua yakishakwisha, usichelewe. Ukikata Juni unakata matumba ya Agosti. Ondoa matawi makavu na yanayosuguana, fupisha marefu kwa theluthi.

Vijiti ulivyokata usivitupe. Chagua visivyo laini kama chipukizi wala vigumu kama kuni, urefu wa sentimita 10 hadi 12. Kata chini kidogo ya fundo, ondoa majani yote isipokuwa manne ya juu, na hayo manne yakate nusu. Chomeka kwenye mchanga wa mto uliochanganywa nusu kwa nusu na makumbi yaliyooshwa. Funika kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kizibo ukiondoe kwa muda wa saa moja kila siku hewa ipite. Kivuli chenye mwanga, unyevu usiokatika. Mizizi huota kati ya wiki nne na nane. Vuta kidogo sana, kikikushikilia kimeshika. Kati ya vijiti kumi mimi hupanda vyote nikitarajia vichache, na vinavyobaki nawapa majirani pamoja na dumu la maji ya mvua.

Kukata ua

Likate alfajiri, kabla jua halijagusa, ua likiwa limefunguka nusu. Shika kikonyo, usiguse petali. Mafuta na joto la vidole hutia alama za kahawia ndani ya saa chache, utaziona kama alama za mtu aliyeshika karatasi kwa mkono mchafu. Ua la gadenia halikai vizuri kwenye chombo kirefu, kikonyo ni kifupi. Liache lielee kwenye bakuli pana lenye maji ya mvua, uliweke mezani mbali na feni. Siku ya kwanza ni jeupe kabisa. Siku ya pili linaanza kuwa na rangi ya krimu, na ya tatu ni manjano ya siagi, na hapo bado chumba kizima kinanukia.